Chatu na Siku Zake za Kula

Kama uko Laela kwenye kibanda kando ya barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga, au uko Mpui jikoni unangoja ugali uive, sogeza redio karibu. Leo nazungumza habari za chatu, na hasa tumbo lake: hula mara ngapi akiwa kitoto, mara ngapi akiwa kijana, na mara ngapi akishakomaa.

Najua wapo watakaouliza, chatu wa kufugwa anatuhusu nini sisi wakulima wa mahindi na alizeti? Anatuhusu. Wapo wacheza ngoma wanaotembea na chatu ndani ya gunia, mnada huu na mnada ule. Wapo vijana wanaomwokota mtoto wa chatu wakati wa kulima, wakamtia kwenye ndoo, wakamlisha kwa siri. Wapo ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani, ambako chatu huuzwa dukani pamoja na kasuku na samaki wa mapambo, na watoto wao wanawasumbua wanunuliwe mmoja. Kosa la wote hawa ni lilelile: wanampima chatu kwa tumbo la binadamu. Mtu akilala na njaa siku mbili, nyumba nzima inahangaika. Chatu mkubwa anaweza kukaa miezi miwili bila mlo na asidhurike. Anayemhurumia na kumtupia kuku kila anapomwona ametulia kimya anamfupishia maisha, na hajui.

Sheria nitaipitia haraka, maana haina kona nyingi. Nchini Tanzania wanyamapori ni mali ya umma. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, hairuhusu mtu kumkamata mnyamapori, kumweka nyumbani wala kumuuza bila kibali, na chatu yumo. Anayetaka kumfuga kihalali huomba leseni kwa mamlaka ya wanyamapori na kukaguliwa mahali pake. Nje ya mipaka yetu chatu wa Afrika yumo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na nchi yetu ni mwanachama tangu 1979. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara watapewa muda wa kusafirisha waliobaki mikononi mwao, na tangazo hilo likasitishwa ndani ya siku chache tu. Kwa hiyo maneno yangu ya leo ni kwa mwenye leseni na kwa ndugu walioko ughaibuni. Kwa sisi wengine ni elimu ya kumfahamu jirani tunayeishi naye.

Na jirani huyu ni yupi? Chatu wa upande wetu wa Tanzania wataalamu humwita Python natalensis. Wengi wao wakikomaa hufikia mita tatu au nne, na wapo wanaopita hapo. Ana ndugu yake mkubwa zaidi, Python sebae, anayeenea kuanzia Afrika Magharibi hadi nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria. Yule anayependwa majumbani Ulaya na Marekani ni mwingine kabisa: Python regius, chatu mdogo wa Afrika Magharibi ambaye makazi yake yanafika mpaka Uganda, na ambaye ni nadra kuzidi mita moja na nusu. Nitakapotaja siku za kula, angalia namsema nani, maana sungura anayemtosha mmoja anaweza kumpasua mwenzake.

Sasa tuingie tumboni. Chatu si mnyama wa kukimbiza. Hujilaza kando ya kinjia wanakopita panya, pimbi, kanga au digidigi, akangoja usiku mmoja, usiku wa pili, hata wiki nzima pale pale. Kwenye midomo yake kuna vishimo vidogo vinavyohisi joto la mwili wa kiumbe kinachopita gizani. Kikifika karibu hukikamata kwa meno yaliyopinda kuelekea kooni, hukizungushia mwili na kukibana mpaka damu ishindwe kuzunguka. Kisha hutafuta kichwa kwa ulimi na kuanza kumeza kutoka kichwani, ili miguu na manyoya vilale kwa kufuata njia. Ukimtazama kwa karibu utaona upande mmoja wa taya unasogea mbele, unashika, kisha upande wa pili unafuata, polepole, na ngozi ya shingo inatanuka mpaka magamba yanaachana na unaiona ngozi nyeupe katikati yake.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Watafiti wa Marekani, akiwemo Stephen Secor wa Chuo Kikuu cha Alabama, wamemchunguza kwa miaka mingi chatu wa Burma, na waliyoyaona yanashangaza. Katikati ya mlo mmoja na mwingine, mashine ya tumbo huwa imezimwa karibu yote: asidi haitengenezwi, utumbo umesinyaa. Mlo ukiingia, utumbo hukua, ini na figo huongezeka, na matumizi ya nguvu mwilini hupanda mara nyingi kuliko ya nyoka aliyelala na njaa. Mwaka 2005 watafiti wa California walionyesha kwamba moyo wa chatu huyo huongezeka ukubwa kwa asilimia 40 ndani ya siku mbili baada ya kula. Chakula kikiisha kusagika, viungo vyote hivyo hurudi vilivyokuwa. Mwenye mashine ya kusaga pale Laela hawezi kuiwasha kwa ajili ya kikombe kimoja cha mahindi, maana mafuta yatakayoungua yatazidi thamani ya unga, na chatu naye ana hesabu hiyo hiyo. Ameumbwa ale mlo wa maana, ausage mpaka mwisho, azime, apumzike. Ukimletea mwingine kabla hajamaliza wa kwanza, unauingilia mwili wake katikati ya kazi.

Basi tuanze na kitoto. Chatu wetu hutaga kwa makumi, mayai thelathini, arobaini, na wakati mwingine zaidi. Mtoto hutoka akiwa na sentimita 50 hadi 60 hivi, na tumboni bado ana akiba ya kiini cha yai. Siku zake za mwanzo hahitaji kingine zaidi ya maji na joto. Baada ya wiki moja au mbili hujivua gamba kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo hupewa mlo wake wa kwanza. Kuanzia hapo, kati ya mlo na mlo ziwe siku tano hadi saba. Mlo wenyewe ni panya mmoja mdogo. Wafugaji wazoefu hutumia macho: panya asizidi unene wa sehemu nene kabisa ya mwili wa nyoka. Mwenye mizani hutumia uzito: asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa nyoka, yaani kitoto cha gramu 100 hupewa panya wa gramu 10 hadi 15, basi.

Wengi hutishika kitoto kinapokataa mlo wa kwanza. Mara nyingi sababu ni woga. Kiumbe ambaye mwituni angekuwa chakula cha mwewe, kenge na nguchiro, amewekwa kwenye sanduku tupu linalomulikwa pande zote, kisha watu wanane wamekusanyika kumtazama anavyokula. Mwekee pa kujificha, mfunike kwa kitambaa, mwache peke yake usiku. Usimshike kichwa ukamsukumia panya kooni. Kumlisha kwa nguvu ni kazi ya daktari wa mifugo, na hata daktari huifanya pale tu njia nyingine zote zimekwisha.

Akitimiza nusu mwaka, siku zinasogea: saba hadi kumi. Mwaka wa pili na wa tatu, siku kumi hadi kumi na nne, na kwa anayekua vizuri hata wiki tatu. Mlo unakuwa mkubwa kadiri anavyonenepa, lakini sehemu yake ukilinganisha na uzito wa nyoka inapungua, mpaka asilimia tano hivi kwa mkubwa. Hapa ndipo watu huteleza. Mtoto anajenga mwili: mifupa, misuli, ngozi mpya kila baada ya wiki chache. Aliyekomaa haongezeki sana, anautunza mwili alionao tu. Ukimlisha wa miaka mitano kwa ratiba uliyoizoea alipokuwa na miezi mitano, ziada yote inakwenda kwenye mafuta.

Chatu wetu akishakomaa, tuseme kuanzia mwaka wa nne, anatosheka na sungura au kuku mmoja kila baada ya wiki tatu au nne. Akimeza mnyama mkubwa kwake, mngoje wiki sita, hata miezi miwili. Yule mdogo wa Afrika Magharibi akikomaa hula panya mmoja kila baada ya wiki mbili hadi nne. Hizi si tarehe za kugonga muhuri. Ni mahali pa kuanzia, na mwili wake ndio utakaokuambia uongeze siku au uzipunguze.

Mwili unasemaje? Mtazame mgongo. Chatu mwenye afya ana mwili wa mviringo, na uti wa mgongo unauhisi kwa kidole bila kuuona umechomoza. Ukiona mgongo umesimama na mbavu zimelegea pande zote mbili, amekonda. Ukiona kinyume chake, bonde linapita katikati ya mgongo, mkia umevimba ghafla pale unapoanzia, na akijikunja magamba yanaachana na ngozi inaonekana, amenona kupita kiasi, na hapo ini lake liko hatarini. Usimsikilize mdomo wake. Chatu aliyezoea kuvizia hupokea mlo wowote unaokuja, maana mwituni hajui utakaofuata utakuja lini. Kupokea kwake si ushahidi kwamba anahitaji.

Kuna nyakati hatakula kabisa, na ni haki yake. Anapokaribia kujivua gamba macho huwa meupe kama ukungu na haoni vizuri. Mwache mpaka amalize. Dume katika msimu wa kupandana anaweza kukataa wiki nyingi. Na jike mwenye mayai ndiye mfano mkubwa kuliko wote. Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, aliwafuatilia kwa miaka majike wa chatu huyu huyu wetu katika hifadhi ya Dinokeng, na mwaka 2018 akachapisha alichokiona. Jike hutaga ndani ya shimo lililochimbwa na muhanga, hujizungusha juu ya mayai, na rangi yake hugeuka kuwa nyeusi. Mchana hutoka kuota jua mpaka mwili unakuwa wa moto, kisha hurudi shimoni kuyapa mayai joto hilo. Watoto wakitoka hukaa nao kama wiki mbili, usiku wakilala ndani ya mizunguko ya mwili wake. Muda wote huo, karibu nusu mwaka, hali kitu, na hupoteza karibu asilimia 40 ya uzito wake. Huyo ndiye mama. Mfugaji anayemvuruga jike juu ya mayai kwa sababu "hajala tangu mwezi uliopita" hajui anachokiharibu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo huku kwetu Ufipa ni kubwa kuliko ratiba yoyote, nalo ni baridi. Sumbawanga mjini iko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na nyanda zetu zote ni za ubaridi. Anayeamka alfajiri ya Juni au Julai pale Laela anajua jinsi maji ya kunawa yanavyouma vidole. Chatu hana moto wa ndani kama wetu. Joto la kusagia chakula analitoa nje: kwenye jua, kwenye jiwe lililopata moto mchana, kwenye udongo wa shimo. Ili amsage sungura anahitaji mahali penye nyuzijoto 30 hadi 33 kwa upande mmoja wa makazi yake, na upande wa pili wenye ubaridi kidogo, nyuzi 25 au 26, ili achague mwenyewe. Mlishe usiku wa baridi kwenye chumba cha tofali kisicho na taa ya joto, kitakachotokea ni hiki: tumbo halitafanya kazi, mnyama aliyemezwa ataoza ndani, na baada ya siku mbili tatu nyoka atamtapika akiwa ananuka, kama atabahatika kumtapika. Asipomtapika anakufa.

Kwa hiyo kabla hujauliza "nimlishe lini", uliza "nina joto gani". Kipimajoto cha bei ndogo ni muhimu kuliko jogoo mnono. Umeme ukikatika siku mbili katika msimu wa baridi, usimlishe mpaka joto lirudi na litulie. Akitapika, mpe maji, mwache wiki mbili nzima, kisha uanze upya na mlo wa nusu ya ule wa kawaida. Chatu wa mwituni huku kwetu hujua haya bila kufundishwa. Baridi ikizidi huingia shimoni au katikati ya mawe na kungoja jua. Aliye kwenye ndoo chini ya kitanda hana pa kwenda.

Nitaje pia anacholishwa. Apewe mnyama mzima, na mifupa yake na utumbo wake, kwa sababu humo ndimo anamopata chokaa ya mifupa na vitamini. Nyama ya buchani iliyokatwa vipande haimfai. Na panya asiwe wa kuokotwa ghalani. Sisi wa ukanda wa mahindi tunajua sumu ya panya inavyotumika msimu wa mavuno. Panya anayeyumba mchana kweupe ni rahisi kumkamata, na ndiye huyo aliyekula sumu. Nyoka akimmeza, sumu inahamia kwake. Panya mzima naye aliye hai na mwenye nguvu, akiachwa ndani na chatu asiye na njaa, atamtafuna nyoka mgongo usiku kucha mpaka nyama ionekane. Ndiyo maana wafugaji wa nchi nyingi hutumia mnyama aliyekwisha kuuawa, akapashwa vuguvugu, akashikwa kwa koleo ndefu.

Koleo hiyo ni kwa usalama wako pia. Mkono ulioshika kuku unanuka kuku, na chatu gizani hufuata harufu na joto. Chatu mkubwa halishwi na mtu mmoja akiwa peke yake. Agosti 2013, katika mji mdogo wa jimbo la New Brunswick, Kanada, chatu wa Afrika aliyefugwa alitoka mahali pake usiku na kuwaua watoto wawili wa kiume waliokuwa wamelala. Mwaka uliotangulia, 2012, Marekani ilikuwa imekwisha kupiga marufuku kuingiza nchini humo chatu wa Burma na chatu wetu wakubwa wa Afrika, kwa sababu waliotupwa na kutoroka walikuwa wamezaana kwenye mabwawa ya Florida na kuwamaliza wanyama wa huko. Wengi wa hao waliotupwa walianza wakiwa vitoto vizuri vya sentimita 60 ambavyo mtu alivinunua bila kuwaza mwaka wa tano vitakula nini.

Hata hivyo anayelishwa kwa kipimo huishi sana. Bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, ilimpokea chatu jike wa Afrika Magharibi mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Julai 2020, akikadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 60, jike huyo alitaga mayai saba. Ndugu uliye Uingereza au Kanada unayetaka kumnunulia mtoto wako chatu wa dukani, fikiria hilo kwanza: mnyama huyo anaweza kuwa hai mtoto wako akiwa na wajukuu. Na kama unaye tayari, nunua daftari. Andika tarehe ya mlo, aina na uzito wa mlo, siku aliyokunya, siku aliyojivua gamba, na uzito wake kila mwezi. Kumbukumbu ya nyumba yenye kelele na kazi za zamu haiaminiki, na mara nyingi baba humlisha Jumamosi na mama humlisha Jumatatu bila kuambizana. Baada ya mlo asishikwe kwa siku mbili angalau, na kama bonge bado linaonekana tumboni, asishikwe mpaka lipotee. Maji safi yawepo siku zote.

Hilo la kutoshikwa linawahusu moja kwa moja wenzetu wa ngoma. Kule Usukumani vyama vya Bagika na Bagalu vimeshindana kwa vizazi, na Bayeye, mabingwa wa nyoka, hucheza na chatu mbele ya umati. Makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza yametunza historia hiyo. Wasukuma wengi wameteremkia Bonde la Rukwa na ng'ombe wao, na ngoma husafiri na wenyewe. Sina neno baya juu ya ngoma hiyo. Ni elimu ya watu waliojifunza nyoka kwa miaka mingi. Ninachoomba ni kwamba wafuate kibali cha wanyamapori, na chatu aliyekula asiingizwe uwanjani. Kuvutwa, kuzungushwa shingoni na kupigwa jua la saa nane na tumbo limejaa humtapisha, na akitapishwa mara kwa mara anakufa. Chatu wa ngoma acheze akiwa na tumbo tupu, alishwe ngoma ikiisha, kisha aachwe wiki mbili.

Na sisi Wafipa tuna letu. Roy Willis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kitabu mwaka 1974 kinacholinganisha jamii tatu za Afrika na wanyama wanaowaheshimu, na kwa Wafipa mnyama huyo ni chatu. Wazee walimhesabu kuwa anabeba pepo wa nchi, na akiingia kijijini alipokelewa kwa heshima. Sisemi turudi kwenye matambiko. Lakini heshima ile ilikuwa na busara ndani yake: chatu alipokelewa, akaachwa aende zake. Hakufungiwa ndani, hakunenepeshwa.

Kwa jirani zetu wa Buddu, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Kagera, mambo yalikuwa tofauti kidogo. John Roscoe, katika kitabu chake cha mwaka 1911 juu ya Waganda, aliandika habari za hekalu la Selwanga, mungu aliyekuwa chatu, ambako mwanamke mtunzaji alimnywesha maziwa ya ng'ombe kutoka bakuli la mti. Maziwa hayamjengi chatu. Ila Roscoe anaeleza pia kwamba kuku na mbuzi walifungwa kando ya mto kwa ajili yake, na hapo ndipo chatu yule alipopata chakula chake cha kweli. Na mpaka leo katika mji wa Ouidah, Benin, kuna hekalu la chatu ambalo nyoka wake huachiwa watoke wakajitafutie wenyewe, na wenyeji wakimkuta mmoja ndani ya nyumba humrudisha taratibu. Kati ya njia zote za kumlisha chatu nilizozisoma, hiyo ya Ouidah naipenda kuliko zote, kwa sababu nyoka ndiye anayechagua siku.

Huku kwetu chatu wa mwituni anaweza kuishi hivyo hivyo bila hekalu. Mavuno yakiingia ghalani panya huyafuata, na chatu huwafuata panya. Anamla mmoja leo, anapotea, anarudi baada ya wiki mbili. Hakuombi chochote. Anachukua kuku wakati mwingine, ni kweli, na anayefuga kuku ana haki ya kukasirika. Dawa yake ni banda lenye wavu mzuri na mlango unaofungwa kabla jua halijazama.

Kwa hiyo, msikilizaji wa Laela, Mpui, Kaengesa na bondeni kote, nakuomba hivi. Ukimkuta mtoto wa chatu shambani, mwache aende. Usimtie kwenye ndoo, maana hutaweza kumpa joto na sheria haikuruhusu. Ukimkuta mkubwa ghalani, waondoe watoto na mbwa, funga mlango, usimpige, usimmwagie mafuta ya taa. Mtaarifu mtendaji wa kijiji amwite ofisa wanyamapori wa wilaya. Makao makuu ya halmashauri yetu yako hapo hapo Laela. Na kama tumbo lake limevimba, waambie wanaokuja kumchukua kwamba amekula, ili wambebe taratibu na wamwachie mahali penye jua na mawe.